Gari la kukodi hurudishwa kwa karatasi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba, na baba yako naye ameipokea. Umeniandikia kwamba mkataba wa gari unalokodi unaisha mwisho wa mwezi huu, ilhali gari jipya kutoka ile kampuni nyingine halitakuwa tayari mpaka katikati ya mwezi ujao kwa kuwa bado halijatolewa bandarini. Kampuni ya sasa imekubali uendelee kukaa na gari lao kwa malipo ya kila siku, nawe unauliza lipi ni afadhali: kulipia siku hizo, au kulirudisha kwa wakati na kutumia teksi za kuita kwa simu hadi jipya lifike. Hesabu uliyoniambatanishia nimeipitia. Ni hesabu safi, na mimi niliyezeeka kwenye uhasibu sina la kuongeza ila moja: uliza kama bei ya siku waliyokutajia imeshajumuisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, maana ile asilimia 18 ikiwekwa juu ya kila siku, upande mmoja wa karatasi yako utabadilika sura. Na ukilipa, udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa siku hizo peke yake, isichanganywe na malipo ya kukodi ya mwezi.

Lakini siku zile za katikati hazinitii hofu kwa ajili ya fedha. Hofu yangu ni saa utakayokabidhi ufunguo mmoja na kupokea mwingine. Gari la kukodi hurudishwa kwa karatasi. Umenisikia nikilisema neno hilo tangu ulipokuwa kidato cha tano, na nadhani unajua lilikotoka, ingawa hukuwahi kusimuliwa habari yote, kwa sababu ulikuwa bweni na baba yako hakutaka usumbuliwe wakati wa masomo.

Unakumbuka kwamba ofisi yetu ya Kurasini ilikuwa ikikodi magari, na kwamba lile jeupe la safari za mikoani lilikuwa mikononi mwa baba yako. Mkataba wake uliisha siku ya Ijumaa. Baba yako aliliosha gari asubuhi, akakagua jeki, tairi la akiba, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, kisha akalipeleka yadi ya kampuni alasiri. Foleni ya Barabara ya Mandela unaijua. Alipofika, mtu wa kupokea magari alikuwa ameshaondoka. Akampigia simu msimamizi, akajibiwa amwachie mlinzi ufunguo, karatasi za makabidhiano zitasainiwa Jumatatu, kwani wao na ofisi yetu ni watu wa kuaminiana. Baba yako hakuridhika. Alimwomba mlinzi, kijana mdogo tu, aandike kwenye kitabu cha getini namba ya gari, saa, na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Kisha akapanda daladala akarudi nyumbani Tabata.

Wiki kadhaa baadaye ilikuja ankara. Bahasha ile niliifungua mimi mwenyewe, mezani kwangu, na katika aya ya pili nikakuta jina la mume wangu limeandikwa kwa ukamilifu, na mbele yake maneno “matumizi binafsi”. Walidai taa ya nyuma ya kushoto imevunjika, walidai kilomita za ziada, na walidai faini ya mwendokasi iliyoandikwa Kibaha, kwenye eneo la makazi ambako mwisho ni kilomita 50 kwa saa, siku ya Jumamosi mchana. Jumamosi, mwanangu. Baba yako siku hiyo alikuwa msibani kwa jirani zetu, mbele ya mtaa mzima.

Faini yenyewe ilikuwa shilingi 30,000. Wenzetu ofisini, kwa nia njema kabisa, walimshauri ailipe yaishe. Alikataa, na mpaka leo naona alikataa kwa haki, kwa maana angelipa ile elfu thelathini angekuwa amesaini pia taa, kilomita na yale maneno mawili ya aya ya pili. Alileta daftari lake. Unalijua daftari lile la kaunta, lenye jalada gumu, ambamo kila alipoegesha gari aliandika kilomita na saa kwa wino wa bluu. Wewe na kaka yako mlikuwa mkilichezea mkiwa wadogo na yeye akiwagombeza. Kampuni ikajibu kwamba mtu hawezi kuwa shahidi wa mwandiko wake mwenyewe. Muda wote wa mabishano hayo alisimamishwa kuendesha. Alikuwa akifika saa moja na nusu asubuhi, amepiga pasi shati lake kama kawaida, na kukaa kwenye benchi la mapokezi hadi jioni, na mimi kila nikitoka ofisini kwangu nilipita mbele yake.

Mwishowe alirudi yadi kumtafuta yule kijana. Kijana alimkumbuka, akafungua kitabu, na mstari ukawapo: namba ya gari, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, kilomita zilezile zilizo kwenye daftari, na mbele yake, “ufunguo umepokelewa”. Kati ya kilomita hizo na zile walizoziandika kwenye ankara kulikuwa na safari nzima ya kwenda na kurudi ambayo haikuwa yake. Tulipopeleka nakala ya ukurasa ule, ilikuja ankara nyingine isiyo na madai hayo, na isiyo na neno la maelezo. Nani aliyeliendesha gari Jumamosi ile, hatukuambiwa. Hakuna aliyemwomba radhi, si kampuni, si ofisi yetu. Baba yako husema yamekwisha. Kwake huenda yamekwisha. Mimi bado naliona lile benchi.

Na hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Nimekuwa nikisema karatasi, karatasi, lakini karatasi isingezungumza kama kijana yule angeogopea kibarua chake na kukificha kitabu. Basi je, kilichomwokoa baba yako ni karatasi au ni mtu? Nikiegemea upande wa mtu, najiuliza tena: kijana yule angesema nini mbele ya mwajiri wake kama asingekuwa na mstari wa kuonyesha? Maneno yake yangekuwa dhidi ya barua yenye nembo. Kwa hiyo narudi palepale niliposimama siku zote: gari la kukodi hurudishwa kwa karatasi, na karatasi hiyo iwe na saa, isiwe na tarehe tu, kwa kuwa kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi kuna muda wa kutosha gari kufika Kibaha na kurudi.

Sasa tazama hali yako. Ukiamua kuongeza siku, usikubali ruhusa ya simu. Mkataba ukishapita tarehe yake na wewe bado uko barabarani, unaendesha gari la watu kwa neno la mdomo, na likitokea la kutokea kwenye barabara ya Bagamoyo, swali la kwanza la watu wa bima litakuwa ni kwa kibali gani. Omba barua fupi inayotaja namba ya gari, tarehe na saa ya mwisho mpya, kwamba masharti ya mwanzo yanaendelea, na kwamba bima kubwa, ile inayolipia hata gari lenyewe, inaendelea kwa siku hizo zote. Bima yenyewe iangalie kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari, usiridhike na maneno yao. Zamani tulihangaika pia na stika ya leseni ya gari ya kila mwaka. Tangu ada hiyo ilipofutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, mzigo huo angalau umepungua.

Siku ya kurudisha, nenda asubuhi ya siku ya kazi. Gari liwe limeoshwa na limekauka, kwa sababu maji huficha mikwaruzo, na mkwaruzo uliofichwa na mvua siku ya makabidhiano huonekana siku ambayo wewe hupo. Piga picha pembe zote nne, bampa, vioo, rimu na mpira wa kila tairi, na dashibodi ikiwa imewashwa ili kilomita na mafuta yasomeke. Katika kazi yako ya kwenda saiti Chalinze, chini ya gari ndiko watakakotazama kwanza. Tazama wewe kabla yao, na mjadiliane palepale kipi ni uchakavu wa kawaida na kipi ni uharibifu. Futa namba za simu yako kwenye redio ya gari. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani asubuhi hiyohiyo, uhifadhi picha ya skrini, na uangalie tena wiki inayofuata. Yote hayo yafanye pia kwa gari jipya kabla hujawasha injini, hata kama ni jipya kweli, maana limepita melini na bandarini kabla ya kufika kwako.

Swali lako lenyewe sijalijibu, najua. Ulimi unaniwasha, kwa sababu nafahamu jinsi saiti zako zilivyo mbali na jinsi teksi zinavyokataa safari za huko, na naweza kukisia baba yako angesema nini. Lakini fedha ni za kampuni yako, na wewe ndiwe unayezijua wiki zako mbili zijazo. Ikiwa kazi zote za siku hizo ni za hapa mjini, hesabu yako ya teksi inasimama; ikiwa kuna hata safari moja ya Chalinze usiyoweza kuiahirisha, itazame upya. Zaidi ya hapo ninajizuia, na ninajizuia kwa shida.

Barua ya kuongezewa muda wakikupa, nipigie picha kila ukurasa unitumie kabla hujasaini, pamoja na ule wa nyuma wenye masharti ya herufi ndogo. Nitausoma usiku huohuo.

Mama yako