Fundi, tununue printa ipi?

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya printa za leza. Nimechagua matano.

Sisi ni SACCOS ndogo, Kahama. Tunachapa kama kurasa 1,500 kwa mwezi, nyeusi tupu. Tumeletewa bei mbili: HP Laser 107a kwa shilingi 350,000, tona yake (kasha la wino) 130,000, na Kyocera P2040dn kwa 950,000, tona 230,000. Mwenyekiti anasema hiyo ya pili ni anasa. (Karani)

Karani, mkalishe mwenyekiti chini na kikokotoo. Tona ya 107a ni ya kurasa 1,000, yaani shilingi 130 kila ukurasa. TK-1160, tona ya hiyo Kyocera, ni kurasa 7,200: shilingi 32. Zile laki sita mlizozidisha kwenye printa zinarudi mkivuka kidogo tu ukurasa wa 6,100. Kwa kasi yenu ni miezi minne. Tena Kyocera inageuza karatasi yenyewe na kuchapa pande zote mbili, kwa hiyo hata rimu zitachelewa kuisha.

Hesabu za kiwandani ni za ukurasa wenye maandishi ya kiasi, wino umefunika kama asilimia 5 ya karatasi. Fomu za mkopo zenye majedwali na nembo kubwa zinakula zaidi, lakini zitakula kwa printa zote mbili. Angalieni pia tona inayokuja ndani ya boksi. Mara nyingi haijai, ni ya kuanzia tu.

Ila kabla ya kulipa, zunguka maduka ya Kahama. Usiulize printa, uliza TK-1160. Ukijibiwa "tutakuagizia", nunueni tona ya akiba siku hiyohiyo na muifungie kabatini. Kama fedha ya akiba haipo, chukueni printa ambayo tona yake mnaiona rafuni, hata kama kwa ukurasa ni ghali. Nimeshaingia ofisi moja nikakuta printa ya zaidi ya milioni imewekewa chupa ya chai juu. Nzima kabisa, tona ndiyo haipatikani.

Shikamoo fundi. Nimeona HP ya mtumba Kariakoo, bei nzuri. Niikague vipi? (Kijana wa steshenari, Mbagala)

Marahaba. Kabla hujaichomeka, igeuze usome kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 220–240V, endelea. Kikiandikwa 110–127V, iache hapohapo. Chaja ya laptopu inajirekebisha kwa umeme wowote. Printa ya leza kwa kawaida haijirekebishi, kwa sababu hita ya fyuza, sehemu inayochoma wino ushike karatasi, imetengenezwa kwa umeme wa aina moja. Nayasema haya kwa maumivu. Kuna muuzaji aliniapia kuwa yake imetoka Uingereza. Nilipoichomeka ilitoa mlio mmoja, ikafuata harufu ya plastiki, kisha kimya. Kibandiko kilikuwepo muda wote, sikukisoma.

Ukiridhika na umeme, mwambie atoe ukurasa wa taarifa za printa. Nyingi zinaandika humo idadi ya kurasa zilizokwisha kuchapwa. Kurasa laki moja kwa mashine kubwa ya ofisi si kitu. Kwa kamashine kama HP P1102 ni uzee.

Halafu chapa barua ya maneno mengi, usugue maandishi kwa dole gumba yakiwa bado na joto. Wino wa leza ni unga wa plastiki unaoyeyushwa ukashika karatasi. Ukitoka kidoleni kama masizi, fyuza haichemki vizuri, na hapo gharama inaanza. Doa linalojirudia lisikutishe haraka. Chukua rula upime. Kwenye hizi HP ndogo, likirudi kila baada ya sentimita 7 na nusu hivi, ni drami, silinda inayopaka wino kwenye karatasi, na drami imo ndani ya tona. Badilisha tona, limekwisha. Hilo doa litumie kupunguza bei.

Kila tukichapa, UPS (betri ya akiba ya kompyuta) inalia na kompyuta inazima. Mbovu ni UPS au printa? (Mwalimu, Iringa)

Hakuna kibovu, Mwalimu. Fyuza ikianza kuchemka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo haiwezi. Printa ichomeke ukutani, UPS ibaki na kompyuta. Umeme ukikatika, zima printa mpaka urudi na kutulia.

Ndugu yangu kaniletea HP ya jina linaloishia na herufi "e". Fundi wa mtaani kaweka tona ya bei nafuu, printa imeikataa. (Mama wa ofisi ya uwakili, Tanga)

Pole, mama. Bila shaka siku ya kwanza ilipowashwa mtu alikubali huduma inayoitwa HP+. Ukishaikubali, printa inadai tona halisi ya HP na intaneti muda wote, na hakuna kurudi nyuma. Fundi wako hana kosa. Nunua tona halisi, au printa mpe mtu anayechapa kidogo nyumbani. Kwa ofisi ya huku kwetu, ambako bando linaisha na wanakijiji wanasubiri hati ya kiapo, mimi nisingeinunua.

Karatasi zinakwama msimu wa masika tu. Kiangazi ziko sawa. (Tanga pia)

Karatasi inanyonya unyevu, ikipita kwenye joto inajikunja. Rimu isikae wazi. Toa unazohitaji, nyingine zifunge kwenye mfuko wa nailoni, na jioni usiache trei imejaa. Zikiendelea kukwama hata kwa rimu mpya, futa rola ya kuvutia karatasi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Utashangaa vumbi litakalotoka.