Seli inavyofumua shanga zake

Wiki hii maswali karibu yote yamegusa protini, kwa hiyo nimeyaweka pamoja.

Nikila dagaa na maharage, kwa nini protini isikae mwilini kama akiba? (Msomaji, Mbagala)

Mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Kila siku mtu mzima hubomoa na kujenga upya takriban gramu 250 hadi 300, ilhali anazokula mara nyingi hazifiki 100. Nyingine zote zinatoka humohumo ndani, kwa kutumia tena zilizobomolewa. Dagaa wako wanafidia kile kinachopotea njiani.

Seli inajuaje protini ipi ya kuvunja? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Temeke)

Swali zuri sana, mwanangu. Chukua uzi wa shanga za Kariakoo, kila shanga iwe asidi amino moja, kisha uukunjekunje. Hiyo ndiyo protini. Ikikunjwa vibaya, au kazi yake ikiisha, vimeng'enya huipachika alama: protini ndogo iitwayo ubikwitini, yenye asidi amino 76. Kwa kawaida alama moja haitoshi, huungwa kadhaa kama mnyororo.

Hapo proteasomu inaipokea. Ni kama pipa lenye tundu jembamba, na visu vyake viko ndani tu, ndiyo maana protini nzima zinazopita jirani hazikatwi. Mlangoni ubikwitini hubanduliwa ikatumike tena. Protini inakunjuliwa, inavutwa ndani kama uzi, inakatwa vipande vifupi, na vimeng'enya vingine nje vinamalizia shanga mojamoja. Kazi hiyo inakula nishati. Seli inalipa ili ibomoe, na mimi hilo hunigusa kila nikilifikiria. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kuufichua utaratibu huu.

Zipo zisizobadilishwa kabisa? (Huyohuyo)

Zipo. Za katikati ya lenzi ya jicho unazeeka nazo. Zikiharibika na kugandamana, ndiyo mtoto wa jicho.

Nina kisukari. Jirani anasema nifunge siku tatu mfululizo ili seli zijile na nipone. (Msomaji, Tegeta)

Usifunge kwa ushauri huo, kaka. Seli kujila ni kweli: ikiwa na njaa huzungushia utando mabaki yake na kuyapeleka kwenye lisosomu, kifuko cha seli chenye vimeng'enya, yakameng'enywe. Yoshinori Ohsumi wa Japani alizigundua jeni za kazi hiyo katika hamira, hiihii ya mikate, akapata Nobel mwaka 2016. Lakini hiyo si tiba ya kisukari. Ukiwa kwenye insulini au vidonge, siku tatu bila kula zinaweza kuishusha sukari mpaka uzimie. Muone daktari wako kwanza.

Binti yangu ameletewa fomu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Inahusiana na haya unayoandika? (Mama, Kigamboni)

Inahusiana sana. Seli ina mlinzi, protini iitwayo p53, anayeizuia isigawanyike DNA yake ikiharibika. Aina hatari za kirusi cha HPV, ndizo zinazosababisha saratani hiyo, huleta protini iitwayo E6. Hiyo hukikamata kimeng'enya cha seli yenyewe na kukifanya kimpachike mlinzi ubikwitini. Proteasomu inaona alama, inammeza. Mlinzi hayupo tena, na seli iliyoharibika inaendelea kugawanyika.

Chanjo humzuia kirusi mapema, kabla hajaingia. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, bila malipo. Saini fomu hiyo leo, dada yangu.