Mkuu, mwambie huyo wa lami asije kesho

Mkuu, mengine yote yasubiri. Mtumie huyo jamaa ujumbe sasa hivi, wa maandishi ili ubaki na ushahidi, umwambie kesho asije. Ukishamaliza ndiyo urudi hapa usome.

Umeandika kwamba mmenunua nyumba Luton, huku Uingereza, mnatafuta fundi umeme wa jikoni na mtu wa kupunguza miti ya nyuma, halafu upande wa mbele eti "tumebahatika". Jumapili wamegonga mlango vijana wawili na lori, wana lami iliyobaki kwenye kazi ya mtaa wa pili, watawatandikia sehemu ya kuegesha gari kwa nusu bei, mradi kesho asubuhi uwape nusu ya hela taslimu. Unauliza kama bei ni nzuri. Bei ni nzuri sana. Hata mimi ningewapigia makofi kama isingekuwa hela yako.

Lami haibaki, mkuu. Lami ya moto huagizwa kwa tani baada ya eneo kupimwa, inatoka kiwandani na joto la nyuzi zaidi ya mia, na ikipoa haitandikiki tena. Sasa hiyo ya Jumapili wanaitunza wapi mpaka kesho, kwenye chupa ya chai? Watakachokuletea ni kifusi kilichokwanguliwa barabarani. Watakimwaga juu ya udongo, watapitisha rola, watachukua chao, na majani yataota katikati kabla hujazoea kuegesha. Mchezo huu ni wa zamani mno Uingereza, Trading Standards, maofisa wa halmashauri wa kulinda wateja, wanauonya miaka nenda rudi, lakini nani anasoma maonyo wakati ndiyo kwanza kakabidhiwa funguo.

Na kama ulishawakubalia kwa mdomo au kwa saini, usiogope. Mkataba uliofungwa mlangoni kwako una siku 14 za kuuvunja bila kutoa sababu, na ni wajibu wao kukupa haki hiyo kwa maandishi. Wasipokupa, muda huo hurefuka hadi miezi 12 zaidi. Wakikutishia, wapigie polisi simu.

Haya, hao tumemaliza. Kilichonitoa kitandani ni sentensi yako ya mwisho kabisa: "Hawa wakishindikana kuna mdau wa kwenye group letu kanipa namba ya fundi wake, kamaliza kwake wiki iliyopita, kazi safi."

Wiki iliyopita! Hapo ndipo nilipopigwa mimi. Wagonga mlango nilishawashtukia tangu mwaka wangu wa kwanza huku, nikajiona mjanja. Mimi nilipigwa na pendekezo la mtu ninayemwamini, kwenye sahani ya pilau.

Sisi tuko Reading, nyumba ya miaka ya 1930, mbele kulikuwa na kijibustani na ua wa michongoma hivi. Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, katualika kwake kula. Tukafika tukakuta kaweka vitofali vya pevingi mbele ya nyumba, vinang'aa, mistari imenyooka, hakuna hata punje ya mchanga nje ya mstari. Nikasifia. Shemeji akavimba: "Huyu fundi ni mtu wetu." Mtu wetu mwenyewe alikuwa Mwingereza wa kutoka kusikojulikana, mwenye gari jeupe lililoandikwa namba ya simu ubavuni. Uwetu wake ulitokana na kwamba alikunywa chai ya tangawizi kwa shemeji na akaisifia.

Nilikuwa nimeshaita mafundi wengine wawili, nakiri. Wote walikuja na futi, wakachokonoa udongo, wakaongelea watachimba kina gani na maji yataelekea wapi. Bei zao ziliniumiza kichwa. Mtu wetu alikuja na kitabu cha rangi. Tukachagua rangi na mama watoto kama tunachagua kitenge, na bei yake ilikuwa chini kwa karibu theluthi. Nikampa.

Sasa sikiliza, wewe mwenye nyumba ya Luton, maana hakuna atakayekueleza hili. Pevingi ya kubeba gari iko chini ya ardhi. Vile vitofali unavyoviona ni unene wa sentimita tano au sita tu. Chini yake unatakiwa mchanga, na chini ya mchanga tabaka la kokoto iliyoshindiliwa la kama sentimita 15, na udongo wako ukiwa wa mfinyanzi linaongezwa. Pembeni vitofali vya ukingo vinashikwa na zege. Kwa hiyo fundi wa kweli atachimba zaidi ya sentimita 20 na atakodi kontena la kutupia udongo. Mtu wetu alikwangua majani, akamwaga kokoto ya kuungia mchuzi, akatandaza mchanga, akapanga. Udongo aliotoa ulijaa kwenye mifuko michache. Mimi nikafurahi jinsi alivyo msafi!

Kwa kuwa hakuchimba, usawa wa pevingi ukapanda. Ukutani kuna ule mstari wa kuzuia unyevu, DPC, wajenzi mnaujua. Ardhi ya nje inatakiwa ikae angalau milimita 150 chini yake. Yetu ililingana nao. Nyumba hizi za 1930 nyingi zina sakafu ya mbao iliyoning'inia juu ya uwazi, na chini ukutani kuna matofali yenye matundu ili hewa ipite huko chini. Akayafunika. Na mteremko akauelekeza nyumbani.

Siku ya kumaliza ilipendeza, shemeji akaja kupiga picha. Kazi mpya ni bibi harusi, hujawahi kusikia aliyekuwa mbaya siku ile. Baridi ya kwanza maji yakaingia chini ya ukingo, yakaganda, yakavimba, ukingo ukang'oka. Tairi za gari zikachora mifereji miwili. Nikajiambia ni hali ya hewa. Baridi ya pili ndiyo iliyoingia ndani: lipu ya sebuleni ikaanza kumomonyoka kwa chini, fangasi nyuma ya kochi, harufu ya mbao mbichi, na siku moja mguu wa meza ukazama sakafuni mbele ya wageni. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Katikati ya hayo barua ya halmashauri ikaingia. Kumbe kuvusha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu ni mpaka uwe na kibali cha kushushiwa ukingo wa barabara, na kazi yenyewe inafanywa na watu wanaokubalika na halmashauri. Na kumbe tangu Oktoba 2008 huku England ukisakafia zaidi ya mita za mraba 5 za mbele ya nyumba kwa kitu kisichopitisha maji, na maji hayaendi kwenye bustani yako, unahitaji kibali cha ujenzi. Mtu wetu aliniambia "usijali, kila mtu anafanya". Shemeji naye akarudia hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyesomea sheria.

Kung'oa, kuchimba upya, kubadili mbao za sakafu na kupiga lipu kulitugharimu zaidi ya mara mbili ya bei ya kazi ya kwanza. Mtu wetu? Simu haipatikani. Anwani iliyokuwa kwenye karatasi yake ya bei ilikuwa duka la kufulia nguo. Jina la kampuni halikuwahi kuwepo Companies House, daftari ambalo mtu yeyote anaangalia bure mtandaoni kwa dakika mbili. Mahakama ya madai madogo inachukua kesi hadi pauni 10,000, na Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 ilikuwa upande wangu kabisa, ila utamshitaki nani? Samansi haitumwi kwa namba ya WhatsApp. Hela nilimhamishia benki, tena kwenye akaunti yenye jina lingine. Ningelipa hata advansi tu kwa kadi ya mkopo, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kingeibana benki iliyonipa kadi ishirikiane naye lawama, kwa kazi ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Nilikuwa na kadi mfukoni! Mtu wetu alisema kadi "inamkata".

Na shemeji. Ukimwuliza leo anasema "kwangu mbona haikuharibika haraka hivyo". Haraka hivyo! Yake ilizama mwaka uliofuata, akaweka vyungu vya maua juu ya shimo. Hakuniambia, kwa sababu angeniambiaje na yeye ndiye aliyemleta. Shemeji hagombezwi, lakini humu jukwaani hayumo, kwa hiyo nasema: mtu anayekupendekezea fundi aliyemaliza wiki iliyopita anakupendekezea furaha yake mwenyewe. Zile tovuti za nyota tano ni hivyo hivyo, watu wanaandika vumbi halijatua. Nani anarudi baada ya miaka miwili kupunguza nyota?

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na siibadilishi hata mkinitukana: FUNDI AKUPELEKE KWENYE KAZI YAKE ILIYOLALA NJE BARIDI MBILI. Picha za simu kataa. Omba anwani, kisha nenda mwenyewe, ikiwezekana mvua inanyesha. Tazama maji yanakimbilia wapi. Tazama zinapopita tairi. Gonga mlango, umwulize mwenye nyumba kama alimwita fundi kurekebisha na kama alikuja. Wazungu wanapenda sana kulalamikia mafundi, utakaribishwa chai. Fundi mwenye kazi kama hizo atakupa anwani tatu bila kufikiri. Asiyekuwa nazo ataanza kuongelea faragha za wateja.

Hata wa miti, mkuu. Mti uliokatwa ovyo unapendeza siku ile ile, mwaka wa pili ndiyo unatoa vijiti dhaifu juu na kuoza kwenye vidonda. Kautazame alioukata mwaka juzi. Kabla hajagusa wako, uliza halmashauri kama mti huo una ulinzi wa kisheria, na kama mtaa wenu ni eneo la hifadhi ya majengo na mandhari ya zamani (conservation area) lazima muwape taarifa wiki sita kabla. Mwulize pia kama amesajiliwa kubeba taka, kwa sababu matawi yako yakikutwa yametupwa barabarani watakuja kwako.

Gesi hukuuliza lakini nakuambia, kanuni yangu huko haitoshi: dai kadi ya Gas Safe, daftari la mafundi gesi wanaoruhusiwa kisheria, na uigeuze nyuma, ndiko kumeandikwa anaruhusiwa kazi zipi.

Yule mdau wa group mjibu kwa adabu, mshukuru, umwambie utakwenda kuiona kazi yake baada ya baridi ya mwakani. Akinuna si shemeji yako. Umeme wa jikoni wengine humu watakuelekeza, mimi naingia shifti ya usiku na simu tunaziacha kwenye makabati.