Ukija Lindi au Mtwara, usingoje mwenyeji akukanye

Watu wetu wa Kusini wana heshima moja inayowaponza wageni: hawamkemei mgeni. Ukikanyaga mkeka na viatu, watanyamaza. Ukitafuna muhogo barabarani mchana wa Ramadhani, watageuza uso. Utaondoka ukiamini mambo yalikwenda vizuri, kumbe nyuma yako nyumba nzima inasononeka. Mimi ni mwanamke wa Lindi, na nimepokea wageni wengi kutoka bara, wafanyakazi wenzangu na marafiki wa ndugu zangu. Nimeona watu wema kabisa wakianza kupokewa kwa ubaridi bila kujua kwa nini. Ndiyo maana nawaomba wanaopanga safari ya huku wasichukulie ukimya wa mwenyeji kuwa ni ruhusa. Ulizeni mapema, tena muulizeni kijana au mwenzenu wa kazini, maana mzee mwenye nyumba atawaambia tu, "Hapana neno, mwanangu."

Uislamu wa pwani hii una umri mkubwa. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta watu wa madhehebu ya Shafii, na sultani wao, al-Hasan ibn Sulaiman, akisifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Mambo utakayoyaona barazani yamepokezanwa tangu enzi hizo. Hata hivyo usidhani kila unayekutana naye ni Mwislamu. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876, watawa Wakatoliki wa Kibenediktini wakafika Ndanda mwaka 1906, na ziko koo ambazo Idi na Krismasi zote husherehekewa. Msimu wa mabibo, uraka, yaani pombe ya mabibo hayo, nao una wanywaji wake. Lakini kujua hayo hakukupi kibali cha kuingia na chupa nyumbani kwa mtu.

Tuanze mlangoni, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Piga hodi na usimame pembeni, usichungulie dirishani wala kwenye uwazi wa pazia. Mafundisho ya dini ni kwamba ukibisha mara tatu bila kujibiwa, unarudi zako, na watu hapa wanayashika. Kama wewe ni mwanamume na aliyeitikia ni mwanamke akasema, "Mwenyewe hayupo," basi ameshakujibu. Acha ujumbe, shukuru, ondoka. Usiseme utamsubiri ndani. Akikuletea kiti nje, kaa hapo hapo nje. Najua bara mtu anaweza kuona kama amefukuzwa. Amini kwamba mama huyo amekuheshimu wewe na amemheshimu mumewe.

Mkono nao usiwe wa kwanza kuunyoosha kwa mtu asiye wa jinsia yako. Akiutoa, upokee, asipoutoa, weka wako kifuani na salamu imefika. Wazee ni shikamoo, na usiulize bei wala njia kabla hujawajulia hali wao na wa nyumbani kwao. "Asalaam aleikum" hata Mkristo anaweza kuitoa na itaitikiwa kwa furaha.

Ramadhani ndiyo inayowatia wageni hofu, na wengine huahirisha safari. Mimi naona ndio mwezi mzuri wa kutujua. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa ndani ya dini yenyewe ya kutofunga na kulipa baadaye, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa kwamba wewe hukufunga. Kinachoumiza ni kula, kunywa maji au kuvuta sigara mbele ya waliofunga, hasa mbele ya watoto wanaojaribu funga zao za kwanza. Mama lishe wengi hufunga vibanda mchana, basi nunua mkate na matunda usiku, au zungumza na nyumba ya wageni wakuandalie chakula ndani. Mikutano mirefu ya alasiri iepuke. Ukialikwa futari, fika kabla ya adhana ya magharibi, si baada yake. Utaanza kwa tende na uji, kisha muhogo au magimbi ya nazi, tambi, kaimati, na samaki kama siku imekuwa njema. Nawa, kula kwa mkono wa kulia, na kwenye sinia chukua sehemu iliyo mbele yako. Ukishashiba usimshike mwenyeji kwa mazungumzo, kwa sababu baada ya isha ana tarawehe, sala za usiku za Ramadhani.

Nje ya Ramadhani, kumbuka sala ya Ijumaa tu: kuanzia kama saa sita na nusu mpaka saa nane mchana usimpigie mtu simu ukilalamika kwamba hapatikani.

Mavazi hayana ugumu. Kanga mbili kwenye begi la mwanamke zinatosha kwa safari nzima. Pale Msangamkuu, ng'ambo ya mji wa Mtwara, oga baharini upendavyo, lakini ukipita kijijini kurudi kwenye kivuko jifunge, na wanaume wavae shati. Kilwa Kisiwani ni vivyo hivyo. Kibali unachukua Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na wageni wengi wakishakilipia wanajiona wamelipia kisiwa chote. Magofu yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini kati yake kuna kijiji, watu wanapika na kulea. Usiwapige picha wanawake uani mwao kwa kuwa tu wako nyuma ya ukuta wa kale. Makaburi usiyakalie, na ndani ya Msikiti Mkuu usipande juu ya kuta kutafuta picha nzuri.

Msibani tofauti na bara ni kubwa. Maziko hufanywa haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hiyo usiulize ratiba ya kuaga mwili, na usilete shada la maua. Wanawake huketi ndani na hawaendi makaburini. Wanaume huketi nje. Jifunike kichwa, sema "Poleni na msiba," na ubani wako, yaani pesa ya rambirambi, mpe anayeandika.

Limebaki jando na unyago, ambavyo Kusini vina uzito wake pembeni ya dini. Ukisikia ngoma usiku usiifuate na simu mkononi. Kumbini, mahali wanapofundwa, hapaingiwi na asiyehusika, na nyimbo za unyago hazirekodiwi, hata kama msichana mmoja mcheshi amekwambia ni sawa. Subiri siku ya kuwatoa wali, yaani waliomaliza kufundwa. Siku hiyo ni ya wote: njoo, cheza, na ukiwa na kanga mpya au noti, mtunze mwali.