Re: Unga wa mikoriza kwenye artemisia
Ndugu, umeuliza kama unga wa mikoriza (kuvu zinazoishi kwa ushirika na mizizi ya mimea) unaweza kunyunyizwa juu ya udongo baada ya miche ya artemisia, mmea wa dawa ya malaria, kushika. Hapana, utaupoteza bure. Kuvu hizi lazima ziguse mizizi: weka unga shimoni siku ya kuhamisha mche, au bora zaidi, uchanganye na udongo wa kitalu. Nyuzi zake hufika mbali kuliko vinyweleo vya mizizi na kuleta fosforasi. Mmea hulipa kwa sukari. Ndiyo maana ukimwaga mbolea yenye fosforasi nyingi ushirika unalegea, mmea ulioshiba hauna haja ya kulipa. Dawa za ukungu nazo ziepuke, zinaweza kuua kuvu hizi. Majaribio yameonyesha hata artemisinini, kiini cha dawa ya malaria, inaweza kuongezeka majanini. Ila haradali usijisumbue nayo, jamii yake haishirikiani na kuvu hizi.