Maswali ya Wasomaji: Gari la Kasi Linapochemsha Mlimani

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, yenye injini ya lita 2.0, ambayo fundi aliiongezea msukumo wa turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) mwaka jana. Kwenye foleni za Dar es Salaam haina tatizo lolote, hata AC ikiwa imewashwa. Lakini nikielekea Iringa na kuanza kupanda mlima wa Kitonga, mshale wa joto hupanda, na nikilegeza mafuta hushuka. Fundi mmoja anataka kuitoa themostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto), mwingine anasema niagize rejeta kubwa ya alumini. Naomba ushauri kabla sijatumia fedha.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, umetusaidia sana kwa kueleza mahali ambapo gari linachemsha na mahali ambapo halichemshi. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa barabara inapofunguka mara nyingi huwa na kasoro ya feni, kwa sababu likiwa limesimama hakuna kitu kingine cha kuvuta hewa. La kwako ni kinyume chake. Injini ya petroli hugeuza takribani theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa nguvu ya kusukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya inayobaki huingia kwenye maji ya kupoza. STI yako ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu-farasi 280, nawe umeiongezea nyingine, kwa hiyo joto linaloingia kwenye maji limeongezeka pia, ilhali rejeta imebaki ileile. Kitonga ndiko injini inakodaiwa nguvu hiyo kwa muda mrefu huku gari likienda polepole nyuma ya malori, na hewa ya kupoza ikiwa haba.

Hata hivyo, usianze na rejeta. Kwanza hakikisha kwamba gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) ni nzima, kwa sababu gasketi iliyoanza kuvuja inaweza kuonyesha dalili hizihizi: kwenye mwendo wa kawaida inatulia, bali turbo ikisukuma kwa nguvu, gesi ya moto hupenya kwenye njia za maji. Asubuhi, kabla hujawasha gari, bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiukuta mgumu, kuna gesi iliyobaki ndani. Baada ya kupanda mlima, tazama kopo la akiba. Ukiona mapovu yanayoendelea kutoka, mwombe fundi apime kwa kile kimiminika cha buluu ambacho hugeuka njano kinapokutana na gesi ya moshi. Ikiwa gasketi imeungua, rejeta ya bei yoyote haitakusaidia.

Gasketi ikiwa nzima, geukia njia ya hewa, na hapa ndipo ninapokusihi utumie muda wako mwingi, kwa kuwa ndipo magari mengi ya aina hii yanapopoteza uwezo wa kupoa bila mwenyewe kujua. Hewa hupita palipo rahisi. Ikipata mwanya kati ya bampa na rejeta itapita hapo, wala haitahangaika kupenya kwenye mapezi membamba, yaani vibamba vya chuma vya rejeta. Fungua boneti usiku, mtu mmoja amulike tochi kupitia matundu ya mbele, nawe usimame upande wa injini: kila mwanga unaouona pembeni, juu au chini ya rejeta unakuonyesha hewa inayokwepa. Ziba mianya hiyo kwa sponji ngumu au vipande vya alumini. Kisha ichunguze nafasi iliyopo kati ya kondensa ya AC (kipozea cha AC kilicho mbele) na rejeta, ambako vumbi, wadudu na nyasi hujikusanya pasipo kuonekana kwa mbele. Mara nyingi itabidi rejeta ifunguliwe ndipo isafishwe, na isafishwe kwa maji ya kawaida, kwani mashine ya presha hulaza mapezi. Angalia pia kava la plastiki la chini ya injini. Mafundi wengi hulitoa wakati wa kubadilisha oili na hawalirudishi, na hapo hewa ya chini ya gari huingia kwenye chumba cha injini na kuizuia ile inayopaswa kutoka nyuma ya rejeta.

Mfuniko wa rejeta nao ni kitu kidogo chenye kazi kubwa. Ukishikilia shinikizo la bari 1.1, maji matupu katika usawa wa bahari huchemka yakifika kama nyuzi 122. Ukilegea hadi bari 0.5, huchemka kwenye nyuzi 111 hivi. Subaru yako ina mifuniko miwili isiyofanana, mmoja kwenye tanki dogo lililo juu ya injini na mwingine kwenye rejeta, na haifai kubadilishana nafasi. Wakati wa kujaza maji, jazia kwenye lile tanki la juu, gari likiwa limeinuliwa mbele, na utoe hewa yote. Injini hii ya silinda zilizolala huweza kubaki na hewa ndani.

Kuhusu themostati, mkatalie fundi huyo. Bila themostati injini huchelewa kupata joto, kompyuta huendelea kuongeza petroli, oili hubaki nzito, na silinda huchakaa. Kama unashuku imekwama, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka uone kama inafunguka, au nunua mpya iliyo halisi.

Mwulize pia aliyeongeza msukumo wa turbo kama alirekebisha vipimo vya petroli na muda wa kuwasha cheche, kwa sababu mchanganyiko wenye petroli kidogo huzalisha joto kali sana kwenye mzigo. Haya yote yakiwa sawa na mlima bado unakushinda, basi rejeta nene ya alumini itakufaa. Ningeiongezea kipozea oili kinachotumia hewa, kwa kuwa kile cha kiwandani hupoza oili kwa kutumia maji yaleyale ya injini, hivyo joto la oili huishia kwenye rejeta. Funga pia kipimo cha joto chenye namba. Mshale wa kiwandani hutulia katikati hata joto likibadilika sana, na ukianza kupanda, hali huwa tayari ni mbaya. Injini za familia hii si dhaifu. Ndizo zilizoipa Subaru ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 na mwaka 2000.

SWALI: Huku kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji. Kwa nini nisitumie maji matupu, ambayo nimesikia yanabeba joto vizuri zaidi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ulichosikia ni kweli, maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti, yaani kimiminika maalumu kinachochanganywa na maji ya kupoza. Lakini kulanti ina dawa za kuzuia kutu, bila hizo alumini huliwa kidogo kidogo na uchafu wake huziba mirija ya rejeta. Tena hupandisha kiwango cha kuchemka. Kwa joto la pwani, theluthi moja ya kulanti na theluthi mbili za maji yaliyokenekwa zinatosha. Maji ya kisima yenye chumvi usiyatumie kabisa.

SWALI: Marafiki wameinua ukingo wa nyuma wa boneti kwa kuweka washa (pete bapa za chuma) kwenye bawaba, wakisema joto linatoka. Je, nifanye hivyo kwenye Mazda RX-8 yangu?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Gari likiwa limesimama, joto litatoka kweli. Likikimbia, hewa hugonga kioo cha mbele na kujaa shinikizo mahali hapohapo, kwa hiyo huweza kuingia chini ya boneti na kudhoofisha hewa inayopita kwenye rejeta. Ukitaka matundu, yakatwe sehemu ya mbele ya boneti, umbali mfupi nyuma ya rejeta, ambako shinikizo huwa dogo. Kwa RX-8, hata hivyo, anza na oili, kwa sababu injini yake ya rota (isiyotumia pistoni) huitegemea kubeba sehemu kubwa ya joto lake. Vipozea vyake vimewekwa chini kwenye pembe za bampa ya mbele, mahali panapopokea tope na majani yote ya barabarani. Vua kava, uvisafishe, na uangalie kama mapezi yake hayajabondwa na kokoto.