Maswali yenu: ratiba ya kujitunza nyumbani, na wale wa mkorogo tena

Haya, maswali yamejaa na nusu yake ni lile lile mnalolijua wenyewe. Nimechagua machache, wengine vumilieni.

Anti shikamoo. Mimi mama wa watoto wawili, niko Mbagala, naamka saa kumi alfajiri narudi saa mbili usiku. Naona watu mtandaoni wana hatua kumi za kutunza ngozi, mimi nianzie wapi na hela sina?

Marahaba. Anza kwa kuzifuta hatua saba, zikibaki tatu zinakutosha, yaani kusafisha, kupaka mafuta na mswaki.

Asubuhi unaoga hata hivyo, basi uso nawa hapohapo na sabuni isiyo kali (sabuni ya mche ni ya nguo jamani, uso sio shuka). Ukitoka usijikaushe mpaka mwisho, jipanguse tu, ngozi ibaki na unyevunyevu afu paka mafuta dakika hiyohiyo kabla hujavaa. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, kazi yake ni kuyazuia yale yaliyopo yasitoke. Sasa mtu anajikausha, anakunywa chai, anatafuta kiatu cha mtoto kilichopotea, ndo anakumbuka losheni, saa nne magoti yameshapauka anasema duka limemuuzia feki. Sio feki, umechelewa.

Na kwa vile uko Mbagala nahisi unatumia maji ya kisima yenye chumvi. Yale povu halitoki kirahisi, kwa hiyo mtu anaongeza sabuni, anasugua na dodoki kwa hasira, mwisho ngozi inawasha. Punguza sabuni, ipake kwapani, kwenye mapaja na miguuni, sehemu nyingine maji yanatosha siku nyingi, na ukiweza weka pembeni kopo moja la maji yasiyo ya chumvi la kusuuzia uso.

Usiku nawa uso tena maana vumbi la daladala na jasho huwezi kulala navyo. Kisha mswaki, na huu ndo muhimu kuliko wa asubuhi ila wengi wenu mnaurukaga, dakika mbili, dawa yenye floraidi, ukimaliza tema, usisukutue na maji mengi maana unaiondoa ile dawa uliyoinunua. Mwisho miguu, paka mafuta ya mgando kwenye visigino, vaa soksi kuukuu, lala. Mwenye chunusi asipake mgando wala mafuta ya nazi usoni. Na mwenye sukari aangalie nyayo zake kila usiku, katikati ya vidole pia, na asikwangue kisigino na wembe hata siku moja, kidonda kidogo cha mguu kwa mtu wa sukari kinaweza kuishia kukatwa.

Anti nitajie losheni ya kung'arisha haraka, nina harusi mwezi wa kumi na mbili, ila isiwe mkorogo.

Kila wiki. Isiwe mkorogo ila ifanye kazi ya mkorogo, na haraka.

Sikutajii. Ila nitakwambia kilichomo kwenye vile vikopo visivyo na lebo mnavyopimiwa dukani, yule dada anachota na kijiko hapa, anachota pale, anakoroga mbele yako anakwambia hii inatakatisha taratibu. Mara nyingi ni vitu vitatu. Kimoja ni haidrokwinoni, ukiitumia mda mrefu bila daktari inaweza kukugeuka, mashavu yanaota madoa meusi yenye ubluu ambayo hayatoki kirahisi, na wengi wakiyaona wanaongeza kupaka wakidhani haijakolea. Cha pili zebaki, hiyo inapita kwenye ngozi inaenda kuharibu figo, na ukiwa mjamzito inamfikia mtoto. Cha tatu ni dawa za hospitali, zile tyubu zimeandikwa clobetasol au betamethasone, daktari anazitoa kwa mda mfupi kwa ugonjwa wa ngozi, nyie mnapaka mwili mzima miezi sita. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, mapaja yanachanika mistari, ukiacha ghafla uso unawaka na kutoka vipele, unarudi kupaka. Hapo ndo umenasa, na muuzaji anajua.

Tena hata huo weupe hauji sawa. Waangalie vizuri wanaotumia, uso umetakata ila viungo vya vidole vya mikono vimebaki vyeusi tii, wenyewe wanaficha mkono kwenye picha.

Zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi ni marufuku Tanzania, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS (shirika la viwango), zamani ilikuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa). Kwenye lebo ukiona mercury, calomel au mercurio rudisha kwenye rafu. Kikiwa hakina lebo kabisa basi hata usikishike. Na wale wa "organiki" wanaofungasha chumbani kwao, organiki gani inayobadilisha mtu rangi kwa siku saba?

Kwa harusi yako: nawa, paka mafuta, kaa mbali na jua kali, paka sanskrini (losheni ya kukinga jua), lala mapema, na usijaribu kitu kipya usoni wiki mbili za mwisho. Bwana harusi kakuposa na rangi hiyohiyo.

Limao usoni linasaidia madoa?

Limao weka kwenye samaki. Ukilipaka ukatoka juani linaunguza, unapata doa jipya juu ya la zamani.

Mwanangu ana miaka minne, ana ualbino, tupo Geita. Jirani ananiambia mafuta ya mgando yanatosha kumkinga. Ni kweli?

Sio kweli mama, na huyo jirani mwambie hivyo. Mgando unalainisha, jua hauzuii.

Ratiba yake iwe hivi kila siku, hata kukiwa na mawingu. Kabla ya kutoka mpake sanskrini ya SPF (kipimo cha kinga ya jua, kimeandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi, uso, masikio, shingo ya nyuma, mikono, ipe kama robo saa ikae, na akishinda nje rudia kila baada ya masaa mawili. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, kepu inaacha masikio na shingo nje na hapo ndo vidonda vinapopenda kuanzia. Mashati ya mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo. Kati ya saa nne na saa kumi jioni michezo iwe kivulini. Usiku ukimwogesha mkague ngozi yote, ukiona kidonda au gamba lisilopona kwa wiki kadhaa usikae nalo nyumbani unapaka majani, peleka hospitali, saratani ya ngozi ikiwahiwa inatibika. Akianza shule aombewe kiti cha mbele maana macho yao huwa hayaoni mbali.

Kuna losheni inaitwa Kilisun, inatengenezwa Moshi pale kwenye kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa, au chama cha watu wenye ualbino, wao wanajua inagawiwa wapi na lini.

Na wale wa swali la kung'arisha mlisome hili pia. Mama anahangaika Geita kupata chupa ya kumfanyia mwanae kazi ambayo ngozi yenu inaifanya bure, nyie mnalipa iondolewe.

Niko Mwanza, mwanaume, kila nikinyoa ndevu natoka vipele. Nipake nini?

Kabla ya kupaka, badilisha unavyonyoa. Ndevu zetu zimejikunja, ukikata chini kabisa ncha inazama inaota ndani ya ngozi, ndo hicho kipele. Usinyoe zero, acha kidogo kama milimita moja, fuata zinakoelekea, usivute ngozi, lowesha kwanza na maji ya uvuguvugu. Ukivitumbua unabaki na kovu. Na nunua mashine yako, kinyozi akipangusa wembe na pamba ya spiriti mara moja anakuridhisha macho tu, hajaua kila kitu. Kisogoni kukianza kuota manundu magumu acha kunyoa nenda kwa daktari.

Nasafisha sehemu za siri ndani na sabuni ya dawa kila siku ila harufu inarudi. Niongeze nini?

Uache. Ndani kunajisafisha kwenyewe, sabuni inaua bakteria wazuri, wabaya wanatamba. Nje maji yanatosha. Ukiwa na uchafu wenye harufu ya samaki au unawashwa nenda kliniki ukapimwe, na hizo "karanga" za kuweka ndani na mvuke wa majani mnaouziana kwenye magrupu muachane navyo.

Sisi Zanzibar tunatumia liwa (sandali ya kupaka) na singo (ya kusugulia mwili), nayo tuache?

Nani kasema? Endeleeni, ila singo usisugue kila siku na kipele kikiwa kibichi usiguse.

Naanza ratiba vizuri, siku ya nne nimeacha. Nifanyeje?

Ibandike kwenye kitu usichokisahau. Unaswali? Ukimaliza udhu wa alfajiri ngozi imeshalowa, mafuta yawe palepale. Huswali, basi mswaki wa usiku ukae karibu na chaja ya simu maana chaja huisahau. Ukikosa siku moja endelea kesho, sio unasubiri mwezi uanze.

Masikio nisafishe kila siku na njiti?

Hapana. Nje futa na taulo, ndani paache, nta inatoka yenyewe. Na kama ni njiti ya kiberiti usiniambie kabisa.